Koloni hazipungui ipasavyo katika kuzimua maziwa hatua kwa hatua

Mwanafunzi wa maabara:
Habari zenu wanajukwaa. Ninapima wingi wa bakteria katika maziwa mabichi kwa kuyazimua hatua kwa hatua: mililita 1 ya maziwa naitia katika mililita 9 za maji ya peptoni (kimiminika cha kuzimulia), kisha mililita 1 ya mchanganyiko huo naihamishia neli inayofuata, hadi neli ya tano. Kutoka kila neli nimeotesha mililita 1. Sahani ya neli ya tatu ina koloni 210 (vikundi vya bakteria vinavyoonekana kwa macho), ya nne 74 na ya tano 31, ilhali nilitarajia kila idadi iwe takriban sehemu ya kumi ya iliyotangulia. Pipeti (mrija wa kuchotea na kupimia) ni ile ile tangu mwanzo. Je, ndilo tatizo? Na je, naweza kuripoti hizo 210, kwa kuwa ziko kati ya 30 na 300, kiwango kinachokubalika kwa kuhesabu?

Fundi sanifu:
Tatizo liko hapo hapo, ndugu yangu. Maziwa yana mafuta, nayo hung'ang'ania pipeti ndani na nje. Kwa hesabu ya sahani yako ya tatu, maziwa hayo yana bakteria wapatao 210,000 kwa mililita, kwa hiyo tone la maziwa la mililita 0.05 linalobaki kwenye pipeti linabeba zaidi ya 10,000, wakati neli ya nne nzima ilistahili kuwa na wapatao 210 tu. Tumia pipeti safi kila hatua, gusisha ncha yake kwenye ukuta wa neli unayochota ili tone linaloning'inia libaki humo, na utikise neli vizuri kabla ya kuchota, kwani bakteria wengi hukaa kwa mafungu.

Mkemia:
Naafiki. Angalia pia ujazo, maana neli zilizojazwa kabla ya kuingia kwenye otoklevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke) hutoka zimepungua. Zikibaki na mililita 8.5, kila hatua inazimua mara 9.5 badala ya 10, na kufikia neli ya tano hesabu imezidi kwa takriban asilimia 29. Kosa hilo, hata hivyo, halielezi koloni 31 palipotarajiwa 2. Hizo 210 naona zinafaa kuripotiwa.

Fundi sanifu:
Hapo natofautiana nawe, kwa sababu neli ya tatu nayo ilipitiwa na pipeti hiyo hiyo. Kiwango cha 30 hadi 300 kinahusu uhakika wa kuhesabu koloni; hakithibitishi kwamba neli zilizotangulia zilizimuliwa sawasawa. Arudie kwa sampuli mpya. Pipeti moja inakubalika wakati wa kutia kwenye sahani tu, akianzia neli iliyozimuliwa zaidi na kurudi nyuma.