MREJESHO: Kuwashirikisha Injili wanafunzi wa vyuo Tokyo, wiki mbili

Wapendwa, niliuliza namna ya kuanza mazungumzo ya imani vyuoni Japani bila kufukuzwa getini. Asanteni, hasa mliosema tusibebe vipeperushi.

Vyuo vingi huko vinakataza watu wa nje kuhubiri kampasini, na wanafunzi huonywa kuhusu vikundi vya dini. Hofu ina sababu: mwaka 1995 kundi la dini la Aum Shinrikyo lilitega gesi ya sarin kwenye treni za chini ya ardhi Tokyo. Mgeni anayegawa karatasi hatofautishwi nao. Kwa hiyo pitieni KGK, ushirika wa wanafunzi Wakristo wa huko; wako IFES, umoja wa kimataifa wa wanafunzi Wakristo, kama TAFES ya Tanzania na FOCUS Kenya. Mwanafunzi mwenyeji anamwalika rafiki yake, ninyi mnakuja kama wageni wake.

Nendeni Mei au Juni. Mwisho wa Julai ni mitihani, Agosti chuo kitupu.

Kilichokwama zaidi ni maneno. "Tsumi" ni dhambi, lakini pia ni kosa la jinai. Ukisema "wote wana tsumi", mtu anajibu kwa adabu kwamba hajawahi kuiba. "Kami" nayo yaweza kuwa mungu yeyote wa hekaluni. Anzeni na Mwanzo 1, Muumba, ndipo Marko. Kimya cha sekunde kumi si kukataa, msikijaze! (Sisi Waswahili hapo tunafeli.)

Mawasiliano ya marafiki mliowapata kwenye LINE (programu ya kutumiana ujumbe) akabidhiwe mwenyeji kabla ya siku ya kuondoka, siyo uwanja wa ndege.