Naomba ushauri: mbwa wetu wanaiba chakula jikoni

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu kuhusu mbwa wetu wawili ambao, licha ya kulishwa vizuri asubuhi na jioni, wamezoea kuingia jikoni na kuiba chakula kila tunapogeuka. Wiki iliyopita yule mkubwa alisimama kwa miguu ya nyuma, akaangusha sufuria iliyokuwa ukingoni mwa meza na kumaliza nyama yote, huku mdogo akilamba mchuzi sakafuni bila hata dalili ya aibu.

Kuwakemea baadaye hakusaidii, kwa kuwa mbwa hahusishi adhabu na kosa lililokwisha kupita, na kila wizi unaofanikiwa humpa hamu ya kujaribu tena. Kinachonitia hofu zaidi si hasara bali usalama wao, maana vitunguu na chokoleti ni sumu kwa mbwa, na mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vikali vinavyoweza kutoboa utumbo.

Mlango wa jikoni tunajitahidi kuufunga, ingawa watoto (na mimi mwenyewe, nikiri) husahau. Je, aliyewahi kumfundisha mbwa mzima kutovuka kizingiti alianzaje? Na je, niwafundishe pamoja au mmoja mmoja?