Ushauri: Programu yangu inajua mtu anapenda nini, ila haijui yuko katika hali gani

Mjenzi:
Wakuu, heshima kwenu nyote. Naomba mawazo yenu, hasa mliowahi kujenga mifumo ya mapendekezo.

Nina programu ya simu ya kusikiliza: habari fupi, masomo ya lugha, mahojiano marefu na hadithi za watoto. Watumiaji ni mamia machache, hawajafika elfu. Mapendekezo yanatokana na uchujaji shirikishi wa kawaida: kama mimi na wewe tumesikiliza mambo yanayofanana, nilichokipenda mimi nawe utaletewa.

Shida niliiona nilipokaa na mtumiaji mmoja, kwa ridhaa yake, tukapitia kumbukumbu zake mstari kwa mstari. Alfajiri anafungua habari fupi, anasikiliza moja au mbili, anafunga. Mchana kimya. Usiku ni hadithi za watoto mfululizo, hii ikiisha inaanza ile. Mfumo umejumlisha zote ukaamua huyu ni mtu wa hadithi za watoto, maana ndizo nyingi. Basi alfajiri akifungua, ukurasa wa kwanza umejaa sungura na fisi. Anaziruka. Mfumo unahesabu kule kuruka kuwa hazitaki tena, na ikifika usiku hadithi zimeshushwa chini kabisa, mtoto anasubiri huku mzazi anatafuta. Asubuhi inamharibia usiku, usiku unamharibia asubuhi.

Niongeze muktadha upi kwanza: saa, siku ya wiki, mahali, mwendo wa mtu, hedifoni, aina ya intaneti? Na kwa data chache hivi, kuna kitakachofanya kazi? La mwisho ndilo linaninyima usingizi: wenzangu wanataka tuombe ruhusa zote mapema, mahali na vitambuzi vya mwendo, halafu matumizi yake tutayajua mbele ya safari. Moyo wangu unakataa. Watu hawa wameniamini.

Naomba kuwasilisha.

Nahodha:
Mkuu, hongera kwa kukaa na mtumiaji. Wengi wetu huishia kutazama grafu.

Jambo hili lina umri mkubwa kuliko simu janja. Mwaka 1992 maabara ya utafiti ya Olivetti kule Cambridge, Uingereza, ilieleza mfumo wa Active Badge: mfanyakazi anavaa beji inayotoa ishara ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, kila baada ya sekunde 15 hivi, na anayepigiwa simu anaunganishwa kwenye simu iliyo karibu na alipo. Muktadha mmoja, yaani mahali, kwa uamuzi mmoja: simu iite wapi. Baadaye, mwaka 2001, mtafiti Anind Dey alieleza muktadha kuwa ni taarifa yoyote inayoweza kuonyesha hali ya mtu, mahali au kitu kinachohusika mtumiaji anapoitumia programu. Fasili hiyo ni pana mno, karibu kila kitu kinaingia. Lakini akaongeza kwamba mfumo unautambua muktadha pale unapoutumia kumpa mtu taarifa au huduma inayofaa kwa kazi aliyo nayo. Hapo ndipo pa kushika.

Usianze kwa kuuliza simu inaweza kukupa nini. Uliza ni uamuzi gani ungebadilika. Mtu akichomeka hedifoni utampa kitu tofauti? Kama huna jibu la haraka, iache. Saa ina jibu, tena tayari iko kwenye kumbukumbu zako na haihitaji ruhusa mpya.

Binti Takwimu:
Naunga mkono saa, ila namna ya kuiingiza ndiyo itakuokoa au itakuzamisha.

Watafiti Gediminas Adomavicius na Alexander Tuzhilin waligawa njia za kuingiza muktadha katika makundi matatu. Ya kwanza unachuja data kabla: alfajiri unatumia data za alfajiri peke yake. Ya pili unatengeneza mapendekezo kama kawaida, kisha unayachuja au kuyapanga upya kulingana na hali. Ya tatu muktadha unaingia ndani ya modeli yenyewe, yaani ile hesabu inayokisia mtu atapenda nini. Kwa mamia ya watumiaji, ile ya kwanza itakuumiza. Kata siku vipande vinne, tenga siku za kazi na za mapumziko, ongeza mahali pawili, tayari una vyumba 16 na karibu vyote ni vitupu. Njia ya tatu nayo ina njaa ya data ambayo huna.

Shika ya pili. Acha mfumo wako utoe orodha ndefu kama unavyotoa sasa, halafu panga upya kwa kuangalia mtu huyu hufanya nini kipindi hiki. Na kabla ya hapo rekebisha jambo dogo lenye uzito mkubwa: kuruka kuandikwe pamoja na kipindi chake. Aliyeruka hadithi alfajiri amekwambia "si sasa hivi". Hajakwambia "siipendi".

Angalizo la kiufundi: hifadhi saa ya simu ya mtumiaji, usitegemee saa ya seva. Mtu akisafiri, au seva ikiwa upande mwingine wa dunia, alfajiri yake utaiita jioni. Halafu wapo wanaofanya kazi za usiku. Vipindi vitoke kwenye mazoea ya mtu mwenyewe pale yanapoonekana wazi.

Jicho la Tatu:
Naomba nipingane na waliotangulia, kwa heshima. Sioni tatizo la saa hapa. Naona watu wawili kwenye simu moja. Mzazi hakubadilika usiku akawa mpenzi wa sungura. Simu imehamia kwa mtoto. Mkijenga kila kitu juu ya saa, siku mtoto yuko nyumbani mchana mfumo utampa habari za bunge. Weka sehemu ya mtoto, mzazi abonyeze mara moja, basi. Kumuuliza mtu ni heshima kuliko kumkisia.

Binti Takwimu:
Kaka, hoja yako nimeipokea, nani anasikiliza ni muktadha pia, na pengine ndio mkubwa kuliko wote. Ila watu husahau kubonyeza. Mzazi amechoka, mtoto analia, atabonyeza kilicho karibu. Kwa hiyo viwepo vyote: sehemu ya mtoto iwe ya wazi, na saa iamue tu ionekane juu au chini. Alichobonyeza mtu kishinde saa siku zote.

Mlinzi:
Nijibu lile la ruhusa, maana naona limepitwa.

Mwaka 2006 Netflix, kampuni ya filamu, walitangaza shindano la dola milioni 1 kwa atakayeboresha mapendekezo yao kwa asilimia 10. Wakatoa alama zaidi ya milioni 100 ambazo watumiaji walizipa filamu, majina yameondolewa. Kila alama ilikuwa na tarehe yake. Mwaka 2008 watafiti wawili, Arvind Narayanan na Vitaly Shmatikov, walionyesha kwamba ukijua filamu chache tu alizozipa mtu alama, na tarehe kwa kukadiria, unaweza kuipata rekodi yake humo ndani. Wakalinganisha na alama zilizo hadharani kwenye IMDb, tovuti ya taarifa za filamu, na wakatambua baadhi ya watu. Shindano la pili lilifutwa mwaka 2010 baada ya kesi na wasiwasi wa faragha.

Tarehe tu, Mjenzi. Hapakuwa na ramani wala mwendo. Muktadha ndio unaomfanya mtu atambulike. Moyo wako unakwambia kweli, na wenzako waambie hivi: data isiyo na kazi leo haina sababu ya kuchukuliwa leo. Hata hiyo saa, ukishaipa kipindi chake, futa dakika na sekunde. Na hesabu ya kupanga upya ifanyike ndani ya simu yenyewe. Kwa orodha fupi kama yako simu yoyote inaimudu, na mazoea ya mtu yanabaki mfukoni mwake.

Pia weka swichi ya kuzima mapendekezo binafsi. Sheria ya huduma za kidijitali ya Umoja wa Ulaya inayadai majukwaa makubwa sana yatoe angalau chaguo moja la mapendekezo lisilotegemea kumchambua mtu binafsi. Wewe si jukwaa kubwa, lakini mtumiaji wako naye ni mtu.

Sikio:
Kuna jambo halijaguswa. Mjenzi kasema usiku hadithi zinafuatana zenyewe. Je, nani anazisikiliza? Mtoto kalala tangu hadithi ya pili! Simu inaendelea kusoma chumba kizima kikiwa usingizini, na mfumo unaandika "amemaliza, amemaliza, amemaliza". Ndiyo maana hadithi zimekuwa nyingi hivyo.

Watafiti Yifan Hu, Yehuda Koren na Chris Volinsky walikutana na hili kwenye data za televisheni katika kazi yao ya mwaka 2008: kipindi kinachofuata kwenye chaneli ileile huhesabiwa kimetazamwa, kumbe mtu hakugusa rimoti. Wakakipunguzia uzito. Fanya vivyo hivyo. Aliyoichagua kwa kidole ipe uzito kamili, iliyojianzisha yenyewe ipe kidogo, na kila inayofuata bila mguso ipungue tena. Nadhani hili peke yake litashusha nusu ya tatizo lako kabla hujaongeza muktadha wowote.

Mjenzi:
Sikio, nimerudi kwenye kumbukumbu za yule bwana baada ya kusoma maneno yako. Usiku mguso ni wa hadithi ya kwanza, mara chache wa pili. Zilizobaki zote zimejianzisha. Ahsante sana, hili nisingeliona.

Nimeamua hivi. Uzito wa zinazojianzisha unashuka kwanza. Kuruka kutaandikwa na kipindi chake. Sehemu ya mtoto inakuja, na kupanga upya kutafanyika ndani ya simu kwa vipindi, bila dakika. Ruhusa ya mahali na ya mwendo siombi, na wenzangu nimewatumia maelezo ya Mlinzi kama yalivyo.

Limebaki moja: mtumiaji mpya kabisa, hana mazoea yoyote. Alfajiri yake ya kwanza nimpe nini?

Binti Takwimu:
Mpe vinavyochaguliwa kwa mguso na wengi kipindi hicho, na umwulize swali moja tu anapojiunga: unasikiliza peke yako au na mtoto? Halafu katika kila ukurasa acha nafasi moja kwa kitu ambacho mfumo haukitarajii. Ukimpa habari kila alfajiri, data zako zitasema anapenda habari alfajiri, na hutajua kama somo la lugha lingemfaa zaidi.

Nahodha:
Na hiyo nafasi moja iwekee alama kwenye kumbukumbu kwamba ni ya majaribio, ili usije ukachanganya hesabu. Ukimaliza rudi hapa utueleze, hasa kama kuruka kwa alfajiri kumepungua.