Kifaa cha kupulizia dawa ya kutu chini ya gari nyumbani

Mkazi wa Tukuyu:
Ndugu zangu, nina pikapu niliyoiagiza Japani ikiwa imetumika. Juzi niligonga chasisi kwa bisibisi karibu na gurudumu la nyuma, likadondoka ganda la kutu pana kama kiganja, ingawa chuma cha chini yake bado ni kigumu. Mvua za huku mnazijua, na tope la shambani hushikamana ndani ya madigadi wiki nzima bila kukauka. Ninalo bomba la mgongoni la kupulizia viazi, na jirani ana kompresa ya lita 50. Je, bomba litatosha kupulizia dawa ya kutu, au ninunue bunduki ya kupulizia, na iwe ya aina gani?

Fundi, Mafinga:
Ndugu yangu, bomba la viazi liache shambani, kwa sababu mafuta huvimbisha mipira yake ya ndani na presha yake haiwezi kurusha nta nzito ya kuzuia kutu. Bunduki ya rangi nayo ina tundu dogo litakaloziba mara kwa mara. Tafuta bunduki ya kupulizia chini ya gari, yenye kopo la lita moja, inayofanya kazi kwa presha ya baa 4 hadi 6, na hakikisha inauzwa pamoja na mpira mrefu mwembamba wenye nozeli inayotawanya dawa pande zote. Mpira huo ndio ninaousisitiza kuliko kitu kingine, maana chasisi na vizingiti vya milango huoza kuanzia ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Uingize mpaka mwisho, kisha achia dawa huku ukiuvuta polepole. Kompresa ya jirani inatosha, kwani unapuliza kwa vipindi. Fungua tu koki ya chini umwage maji yaliyojikusanya tangini kabla ya kuanza.

Mwenye gari, Mbeya mjini:
Naongeza kuhusu baridi. Mwaka jana nilianza kazi asubuhi ya Julai, nta ikaganda kwenye nozeli kabla sijamaliza upande mmoja. Nililiweka kopo ndani ya ndoo ya maji ya moto, mbali na jiko, ikalainika. Msithubutu kulipasha motoni, kwani mvuke wake hushika moto. Funika breki, ekzosi na soketi za nyaya kwa nailoni, vaa barakoa na miwani, na usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake bila stendi.

Mkazi wa Tukuyu:
Nashukuru sana. Vipi kuhusu oili chafu, ambayo wengi huku huipaka?

Fundi, Mafinga:
Siishauri hata kidogo. Hubeba asidi na masizi ya injini, hulainisha mipira ya bushi, hudhuru ngozi, na hudondokea udongo mnaolimia. Tumia nta au mafuta ya sufu ya kondoo. Kwanza osha, kwangua magamba kwa brashi ya waya, acha gari chini ya paa siku mbili au zaidi hadi likauke kabisa, kisha paka redi oksaidi (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) palipobaki chuma kitupu. Zibua kwa waya matundu ya kutolea maji kwenye vizingiti na chasisi, kisha yatazame unapopuliza: dawa ikianza kuchuruzika kwenye tundu la mbali, ujue imefika.