Pampu inajiwasha mtu akiongea kwenye simu, afu kuzima haisikii (MT8870)

mkulima_fundi:
Wakuu habari za muda huu, naombeni msaada hii kitu imenikalia wiki ya pili. Nimemtengenezea mjomba mtambo wa kuwasha pampu ya shamba kwa simu, yaani kitochi kinajipokea chenyewe, waya wa hedifoni unaingia kwenye MT8870 (chipu inayotambua namba iliyobonyezwa kwa mlio wake), Arduino (kompyuta ndogo ya saketi) inasoma miguu ya Q1 hadi Q4 inayotoa namba hiyo na kuvuta relei (swichi inayoendeshwa na umeme). Bonyeza 5 inawaka, bonyeza 0 inazima. Mezani ilikuwa safi kabisa. Shambani sasa, juzi mjomba kapiga, hajakata, akawa anaongea na shangazi simu iko mkononi, pampu ikawaka yenyewe na kisima kilikuwa kimekauka, nusura mota iungue. La pili kuzima, unabonyeza 0 mara nne tano ndo inasikia, nimeongeza sauti ya kitochi mpaka mwisho ikazidi kuwa mbaya. Chipu nimebadilisha mara mbili, kristali ni ile ya 3.579545 megahezi.

redio_na_simu:
Mkuu chipu usibadilishe tena, ni nzima hiyo. Kila namba ni milio miwili kwa pamoja, mmoja wa kundi la chini (697, 770, 852, 941 hezi) na mmoja wa kundi la juu (1209, 1336, 1477, 1633). 5 yako ni 770 na 1336. Waliopanga masafa hayo walikwepa yanayozidishana ili maongezi yasiyaigize kirahisi, ila sauti ya binadamu ina milio mingi ndani yake, mtu akivuta neno inaweza kutokea miwili ikaangukia humo humo, na chipu inapokea hata mlio ukikosea asilimia 1.5.

Kinachochuja hapo ni muda. Angalia rezista kati ya miguu ya ESt na St/GT ya chipu, ndo inayopanga muda huo, najua umeweka kilo-omu 300 na kapasita ya 0.1 maikrofaradi maana ndo wote tunavyonakili kwenye datashiti. Hizo ni za laini ya simu, watu wanabonyeza haraka, kwa hiyo mlio wa milisekunde 40 unatosha. Wewe wa pampu una haraka gani? Weka mega-omu 1, itadai kama milisekunde 80, na sauti ya mtu inapanda na kushuka, ni nadra itulie palepale muda wote huo. Ila ukibonyeza namba mbili uache nafasi katikati, maana kuachia nako kunachelewa.

Na sauti ya kitochi shusha mpaka nusu!! Ikijaa mawimbi yanakatwa vichwa, yanazaa milio ambayo haikuwepo, chipu inaona uchafu inakataa yote. Hiyo chipu inasikia mlio dhaifu vizuri tu.

waya_mwekundu:
Naunga mkono hapo juu ila mi nina swali moja, hiyo 0 unaibonyeza wakati gani? Wakati pampu INAZUNGUKA. Ndo maana kuwasha ni rahisi na kuzima ni shida. Nina wasiwasi kelele za mota (za umeme, si za sikio) zinaingia kwenye umeme wa saketi yako. Toa pampu weka balbu kwenye relei ujaribu, 0 ikikubali kila mara ujue jibu ni hilo.

Na kwenye kodi yako, unasubiri mguu wa StD (unaosema namba imekubalika) upande juu ndo unasoma? Q1 hadi Q4 zinabaki na namba ya mwisho hata kama kimya, ukisoma tu ovyo utasoma ya zamani.

mkulima_fundi:
Mkuu umepiga kwenyewe. Na balbu nimebonyeza 0 mara ishirini imekubali zote ishirini, nikirudisha pampu inagoma. StD naisoma, hapo niko sawa. Mega-omu 1 nimeweka, nimeacha redio inaongea karibu na simu yangu nusu saa nzima haijawaka.

waya_mwekundu:
Basi saketi ipe chaja yake mbali na umeme wa pampu, kapasita ya 0.1 iwe karibu kabisa na miguu ya umeme ya MT8870, na waya wa hedifoni uwe ule wenye wavu wa kuzuia kelele, usipite sambamba na waya wa mota.

redio_na_simu:
Na mwambie mjomba akibonyeza ashikilie kidogo. Kwa simu ya mkononi mlio hautoki kwenye simu yake, simu inatuma ujumbe kwa mtambo wa mtandao, mtambo ndo unapiga mlio kuelekea shambani, afu huo mlio unabanwa kama sauti ya maongezi, mtandao ukiwa hafifu unafika umechakaa.

Hiyo namba moja kuwasha mota iache kabisa, saivi yeyote akikosea namba akapiga anaweza kukuwashia. Weka nyota, tarakimu nne, ndo 5. Na kisimani weka floti ikate umeme maji yakiisha, hiyo isipite kwenye Arduino wala simu, ikate moja kwa moja.

mkulima_fundi:
Floti naifuata mjini kesho asubuhi, mpaka niifunge pampu nimeizima kwenye swichi kubwa.