Mgongo baada ya upasuaji wa utumbo: vidonge, mkanda, kuchuliwa au mazoezi? Waliopitia nisaidieni kuchagua

Randa Kavu (mwenye mada)
Wakuu, habari zenu. Mimi ni fundi seremala, niko Morogoro, miaka 43. Mwaka jana mwezi wa tatu utumbo ulijinyonga, tumbo likajaa kama ngoma, nikapasuliwa usiku uleule. Walikata kipande kilichokuwa kimeshaharibika, nikawekewa choo cha ubavuni, yaani utumbo ukatolewa nje kwenye ngozi, kinyesi kikawa kinaingia kwenye mfuko. Nilikaa na mfuko miezi minne, kisha nikapasuliwa tena utumbo ukaunganishwa. Kovu linaanzia juu ya kitovu linashuka hadi chini kabisa.

Tumbo sasa halina neno. Nakula, choo napata. Kinachonitesa ni mgongo. Asubuhi nakaa ukingoni mwa kitanda nimeshika magoti mpaka mwili ukubali kunyooka. Nikipiga randa nusu saa, kiuno kinawaka moto, naacha kazi naenda kujilaza kwenye maranda. Nimepigwa picha ya eksirei, wakasema mifupa haina shida, wakanipa vidonge vya maumivu, diklofenaki.

Sasa nimeshauriwa vitu vinne. Niendelee na vidonge, bei yake ndogo lakini nafuu ni ya saa chache. Ninunue mkanda, nimeuona duka la vifaa tiba kwa 35,000. Kuna mzee mchua misuli, anataka 10,000 kila nikienda, na lazima niende mara saba. Au fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, hospitali ya mkoa mara mbili kwa wiki, ambako kila safari inakula nusu siku ya kazi. Pesa ya vyote sina. Mngekuwa mimi mngeanza na nini?

Kipilefti
Pole sana mkuu. Mimi ni dereva wa masafa, nilipasuliwa utumbo uliotoboka. Nianze na hivyo vidonge maana vilitaka kuniua. Nilikuwa nanunua diklofenaki dukani kama mtu anayenunua pipi, asubuhi kimoja, jioni kimoja, siku ya safari ndefu vitatu. Miezi mitano. Siku moja nikapata choo cheusi kama lami, kinanata, kina harufu ambayo hujawahi kuisikia. Nilidhani ni maharage. Kesho yake nikaanguka bafuni. Kumbe kidonda cha tumbo kinavuja damu ndani kwa ndani. Nikaongezewa chupa mbili za damu.

Sisemi usimeze kabisa. Siku mbaya meza, baada ya kula, kwa siku chache. Lakini usiifanye chai ya asubuhi. Na kama una presha au figo zina shida, mwambie daktari kabla hujaigusa.

Bi Mwana wa Kibokoni
Pole mwanangu. Mie nilipasuliwa hapa Mombasa, ngiri ilinasa utumbo, ukakatwa. Mgongo ukanishika vibaya hata rukuu ikanishinda, nikawa naswali juu ya kiti.

Mkanda wa dukani nilinunua, joto la huku nikatoka vipele. Dada yangu akanambia, si ujifunge kibwebwe kama mzazi? Nikachukua leso, nyie mwaita kanga, nikaikunja upana wa shibiri, nikajifunga kutoka chini kwenda juu, si kwa kukaza mpaka pumzi ikatike. Wallahi ilinisaidia kusimama jikoni. Lakini nilikosea, nilijifunga mchana na usiku miezi mingapi sijui. Nikiivua najihisi nataka kukatika katikati. Leso ilikuwa ishanilegeza. Kwa hiyo mkanda kwangu ni wa kazi tu, saa moja mbili, kisha vua. Na 35,000 hizo weka, leso unazo nyumbani kwa mkeo.

Dawa Asili Tiba
Suluhisho la kudumu la mgongo, nguvu za kiume na kisukari lipo. Vidonge vya mizizi siku 21 unapona kabisa. Njoo faragha.

Kipilefti
Ndugu, mada nyingine. Mtu kakatwa utumbo wewe unamletea nguvu za kiume.

Goti na Nyonga
Mfiziotherapia hapa, nina miaka 11 wodini. Randa Kavu, naomba usome hii taratibu.

Mgongo wako una kuta mbili. Nyuma kuna misuli mirefu inayopanda pembeni mwa uti. Mbele na ubavuni kuna misuli ya tumbo, na mmoja wa ndani kabisa umezunguka kiuno kama mkanda. Wewe umefunguliwa mbele mara mbili. Baada ya hapo ulitembea umeinama miezi, kama mtu aliyeficha kitu tumboni, kwa sababu kidonda kilikuwa kinavuta. Halafu mfuko, ukawa unaulinda kwa kupinda upande mmoja. Ukuta wa mbele ukasinzia, ule wa nyuma ukabeba mzigo wote peke yake. Ndiyo maana eksirei haikuonyesha kitu, eksirei haioni misuli iliyolala.

Mwezi Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maumivu sugu ya mgongo, yale yasiyotokana na ugonjwa mwingine. Mazoezi na elimu vimo. Kuchuliwa kumo pia, kwa hiyo simdharau mzee wako. Mikanda ya mgongo imo kwenye orodha ya visivyopendekezwa kama tiba ya kawaida, na dawa kali za jamii ya afyuni vilevile. Wagonjwa wengi hunijia na tramadoli, mojawapo ya hizo, na tramadoli inafunga choo. Mtu aliyeunganishwa utumbo akijikamua chooni, mgongo na kovu vyote vinalipa.

Anza hivi. Lala chali kwenye mkeka, godoro linabonyea. Kunja magoti. Weka vidole chini ya kitovu. Toa pumzi polepole, na huku unatoa, vuta kitovu ndani kidogo tu, kama unasogeza mkanda wa suruali tundu moja. Shikilia ukihesabu hadi 5, ukiendelea kupumua. Ukibana pumzi umekosea. Mara 10, asubuhi na jioni. Wiki ya pili, ukiwa hivyohivyo, bonyeza kiuno kiguse mkeka, kisha achia. Halafu kutembea, dakika 10 tambarare, unaongeza. Yale ya kulala chali na kuinuka umefunga mikono kisogoni, achana nayo kwa sasa.

Na kutoka kitandani: usiinuke moja kwa moja kama mlango. Geuka ubavu, magoti pamoja, shusha miguu, jisukume kwa kiwiko. Hiyo peke yake huwapunguzia watu robo tatu ya kelele za asubuhi. Robo tatu nimesema kwa kuwasikiliza tu, msiniulize karatasi.

Nakuru Mfuko
Poleni wote. Mimi bado ninao mfuko, wa utumbo mwembamba, niliondolewa ule mkubwa wote. Nataka kuongeza mambo mawili ambayo watu wa mfuko wa upande wangu hawaambiwi.

La kwanza, kuna vidonge vimepakwa ganda gumu ili viyeyuke mbali ndani, au viachie dawa polepole. Kwangu vilikuwa vinatoka vilivyoingia. Nilimwaga mfuko nikaona kidonge kizima kimekaa pale, hata maandishi hayajafutika. Nimekuwa nikilalamika mgongo wiki tatu na dawa yote iko chooni! Nikamwuliza mfamasia, nikabadilishiwa.

La pili, mgongo wangu haukuwa mgongo. Yalikuwa mawe ya figo. Sisi tunapoteza maji na chumvi nyingi kupitia mfuko, mkojo unakuwa mzito, mawe yanajitengeneza. Maumivu ya misuli ukilala vizuri yanatulia. Haya hayakuwa na mkao. Yalianza chini ya mbavu upande wa kulia, yakashuka hadi kwenye kinena, natapika. Picha ya ultrasaundi ndiyo iliyoona. Siku hizi nakunywa maji ya chumvi na sukari ya pakiti pamoja na maji ya kawaida, maana maji matupu yananipita kama bomba. Wewe mwenye mada umeshaunganishwa na utumbo wako mwingi upo, pengine si lako. Nimeandika kwa wengine watakaopita hapa.

Yakhe wa Muscat
Mimi niko Oman, nimepiga hijama, ile ya kuumikwa kwa vikombe, mara nne na kuchuliwa mara nyingi tu. Ukweli wangu: unatoka pale mwepesi kama umevuliwa gunia, unalala usingizi mtamu. Siku ya tatu mwenyewe karudi. Si vibaya kama una pesa ya usingizi. Ila mchuaji asiguse tumbo, na vikombe visikaribie kovu. Wangu alitaka kunikanda tumbo "kurudisha utumbo mahali pake". Nikavaa kanzu yangu nikaondoka.

Binti Kisauni
Naomba niseme la kaka yangu. Alipasuliwa utumbo, baadaye mgongo. Kila tulikoenda tuliambiwa ni upasuaji, atazoea. Akachuliwa, akafunga mkanda, akameza kila kitu. Sisi wenyewe tulimwona anakonda lakini tukasema ni chakula. Usiku alikuwa analowesha shuka kwa jasho. Mwezi wa nane miguu ikaanza kuwa mizito, anaburuza kandambili zinamtoka bila yeye kujua. Ndipo akapigwa picha ya MRI. Kifua kikuu cha uti wa mgongo, na hakuwa anakohoa hata kidogo. Dawa za TB ni bure, kilichotugharimu ni ile miezi minane.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha mkanda na mchua, jiulize: unakonda? Homa za jioni? Maumivu yanazidi usiku hata ukilala?

Goti na Nyonga
Asante dada. Niongeze: ganzi sehemu unayokalia ukipanda baiskeli, mkojo kukataa kutoka au kutoka wenyewe, mguu kukosa nguvu, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni sikukuu. Na aliyekatwa utumbo kwa sababu ya saratani, maumivu mapya ya mgongo ayapeleke kwa daktari wake kwanza, kabla ya kuja kwangu.

Randa Kavu
Nimesoma zote, nashukuru mno. Sikondi, nimeongezeka hata. Homa sina. Bi Mwana shikamoo, leso nimeipata. Mazoezi ya mkeka nimeanza, siku ya nne leo. Kuna kitu kidogo sijui kama kinahusiana. Nikikohoa au nikiinua ubao, pembeni ya kovu panatokea kitu kama limau, nikilala kinarudi. Hakiumi. Mzee mchua alisema ni mshipa, atautuliza.

Goti na Nyonga
Hapo simama. Mzee asikiguse. Kwa maelezo yako hiyo ni ngiri ya kovu mpaka aliyekupasua aseme vinginevyo. Ukuta wa mbele haujalala tu, una tundu. Endelea na pumzi na kutembea, yale ya kubonyeza kiuno acha mpaka uonekane. Usiinue mbao. Limau likigoma kurudi, likawa gumu, ukaanza kutapika au choo na upepo vikakata, nenda saa hiyohiyo, utumbo umenasa.

Bi Mwana wa Kibokoni
Hiyo ndiyo iliyonipeleka mie chumba cha upasuaji mwanangu. Usingoje mwisho wa mwezi.

Kipilefti
Na ndoo ya maji je? Lita 20 ni kilo 20 hizo, watu tunasahau kwa sababu ni maji.

Randa Kavu (wiki saba baadaye)
Wakuu nimerudi na mrejesho, maana nachukia mada zinazoachwa hewani.

Mpasuaji kanicheki, ni ngiri ya kovu kweli, tundu la vidole viwili. Kasema si ya dharura, itarekebishwa kwa kuwekewa wavu, nipo kwenye foleni. Kaniambia mkanda nivae, ila ule mpana wa tumbo, si ule wa mgongo wenye vyuma niliotaka kununua. Navaa nikiwa kazini tu.

Fiziotherapia nimekwenda mara sita badala ya kumi na mbili, nusu siku ni nusu siku. Lakini yule dada aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: meza yako ya kazi ina urefu gani? Nikapiga picha nikamwonyesha. Ilikuwa inafika katikati ya paja. Meza ya marehemu baba, na baba alikuwa mfupi. Nimeinyanyua kwa tofali mbili kila mguu. Vijana wangu wananicheka kwamba napiga randa kama nahubiri.

Maumivu yapo. Asubuhi ni kidogo sana, jioni bado yanakuja, hasa nikipanda bodaboda njia ya mashimo. Diklofenaki nimemeza siku tatu tu katika wiki hizi saba. Daktari kaniandikia kidonge kidogo cha usiku, amitriptilini, kinalaza vizuri ila mdomo unakauka na choo kinakuwa kigumu, kwa hiyo nakula mapapai kama popo.

Swali moja limebaki. Waliowekewa wavu, mlikaa muda gani kabla ya kushika kazi nzito? Nina oda ya vitanda sita vya bweni na mteja ameshaweka nusu ya pesa.

Bi Mwana wa Kibokoni
Mie nilikaa miezi mitatu, na nilikuwa nauza maandazi tu. Mrudishie nusu ya vitanda.