Ndege za kivita kwenye michezo ya mkakati zisafiri kwa kasi gani?

Wakuu, naleta hoja iliyotugawa mimi na wenzangu ninaocheza nao mchezo wa mkakati wa Vita Kuu ya Pili. Mchezo huo umeipa kila ndege ya kivita namba moja tu ya kasi, ile ya juu kabisa, na ndiyo inayotumika kwenda, kupigana na kurudi. Wenzangu wanasema haina neno, mradi mchezo unanoga. Mimi nasema hapo ndipo vita nzima inapoharibika.

Chukueni Zero, ndege ya kivita ya Japani, toleo la A6M2. Kasi yake ya juu ilikuwa kama kilomita 533 kwa saa, lakini safarini ilikwenda kama 333. Si kwamba marubani walikuwa wavivu. Ndege ikiwa tayari inakwenda mbio, kila unapoiongezea kasi hewa huzidi kuikaba, na injini hunywa mafuta kupita kiasi cha kasi unayoipata. Anayekanyaga mpaka mwisho tangu anaporuka hafiki mbali.

Sasa ipelekeni hesabu hiyo Guadalcanal, kisiwa cha Pasifiki walichokipigania Wajapani na Wamarekani, 1942. Kutoka Rabaul, kambi kuu ya Wajapani, ni kilomita zipatazo 1,040. Kwa mwendo wa safari ni zaidi ya saa tatu kwenda tu. Mchezo wetu unazimaliza kwa chini ya mbili. Na kule Bougainville, kisiwa kilichokuwa njiani, walikuwepo walinzi wa pwani wa Australia, wamejificha msituni, wakiona ndege zinapita wanatoa taarifa kwa redio. Kutoka kusini mwa kisiwa hicho hadi Guadalcanal ni kama kilomita 550. Ndege ikisafiri kwa 333, Wamarekani wana saa moja na dakika arobaini za kujiandaa. Kwa 533 wana saa moja na dakika mbili. Wildcat, ndege ya kivita ya Wamarekani, ilikuwa nzito kupanda, kwa hiyo dakika hizo ndizo zilizoamua nani atamkuta mwenzake akiwa juu. Tarehe 7 Agosti rubani Mjapani Saburo Sakai alijeruhiwa kichwani kwenye mapigano ya huko, akairudisha Zero yake Rabaul kwa safari ya karibu saa tano, jicho moja halioni. Kila nikiikumbuka safari ile, naona mchezo unaoifanya ya saa mbili unawakosea heshima watu hawa.

Ila nikiri, mmoja wetu ana hoja nzito. Anasema ukilazimisha ndege zote zitumie kasi ndogo ya vitabuni, utakosea upande wa pili. Na kweli: Juni 1942 rubani wa Kijerumani alitua kimakosa Wales, Uingereza, na ndege yake ya kivita, Fw 190, ikiwa nzima. Waingereza walipoilinganisha na ndege yao ya kivita, Spitfire V, waliwashauri marubani wao wasisafiri polepole wakiwa kwenye anga la adui, maana ukishambuliwa ukiwa taratibu, muda wa kuchanganya kasi huupati.

Kwa hiyo msimamo wangu umesogea. Kasi ya safari ni amri ya kamanda, haifai kugandishwa kama namba ya kiwandani. Tarehe 18 Aprili 1943 Meja John Mitchell aliongoza ndege za kivita za Marekani, P-38, kutoka Guadalcanal kumvizia Admirali Yamamoto, mkuu wa manowari za Japani, zikipita chini chini juu ya bahari kwa zaidi ya saa mbili, kwa kama kilomita 320 kwa saa, nusu ya uwezo wao. Alitegemea dira na saa, wakakutana na shabaha yao Bougainville karibu dakika ile ile aliyoipanga. Angeongeza mwendo angewahi mno na kubaki akizunguka huku mafuta yakiisha.

Ninachotaka mchezaji apewe ni uamuzi huo: aende taratibu afike mbali, au aende mbio asivamiwe ghafla lakini umbali upungue. Kasi ya juu ibaki ya mapigano tu, na kwa dakika chache.

Wanaopinga wanasema mambo yatakuwa mengi, mchezaji atachoka. Sikubali. Ni kitufe kimoja kwa kila kikosi, na tayari tunachagua kimo na idadi ya ndege bila kulalamika. Mnaotetea namba moja, nijibuni hili: kwenye mchezo wenu, tangi la ziada la mafuta lina kazi gani?